Kiyama cha Nani? Mzazi, Mwana na Upofu wa Wahakiki Wetu

Katika kikao kimoja cha kujadili mapendekezo ya utafiti, mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha nia yake ya kuilinganisha riwaya ya Cormac McCarthy, The Road (2006), na tungo za Kiswahili zinazosawiri maangamizi. Alikuwa amejiandaa vyema. Kabla hajafika ukurasa wa tatu, mmoja wa watahini, msomi ambaye elimu yake tunaiheshimu, alimkatiza kwa kumwambia kwamba Kiswahili hakina fasihi ya baada ya kiyama, na kwamba kulinganisha mlima na kichuguu si utafiti. Watu wakacheka. Mwanafunzi akafunga karatasi zake, akaahidi kubadili mada. Mimi nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwa mtahini yule, na sikusema neno. Makala haya ni neno nililopaswa kulisema siku ile.

Ningependa msomaji atambue mapema kwamba sikusudii kuitetea fasihi ya Kiswahili kwa kuitukana riwaya ya McCarthy. Riwaya ile ni kazi kubwa. Ninalokusudia kuonyesha ni kwamba wanaoitumia kama kipimo cha kutupimia hawajaisoma sawasawa. Wameisoma kwa macho ya baba, ilhali mtunzi ameweka hukumu katika kinywa cha mtoto. Na laiti wangeisoma kwa kutumia dhana ambazo lugha yao wenyewe imewapa, wasingehitaji mtu wa kuwaambia hivyo.

Tuanze na riwaya yenyewe, maana nashuku kwamba baadhi ya wanaoitaja katika kumbi zetu wameiona filamu yake ya mwaka 2009 tu. Baba na mwanawe wa kiume, wote wawili wasio na majina, wanatembea kuelekea kusini katika Marekani iliyoungua. Saa zote zilisimama ikiwa saa 7 na dakika 17, na mtunzi hasemi kilichotokea. Jua limefunikwa, majivu yanaanguka kama mvua isiyokatika, mimea imekufa, wanyama wamekwisha, na baadhi ya watu waliosalia wanakula wenzao. Mali ya hawa wawili ni kigari cha kusukuma cha dukani, turubai, mablanketi, na bastola yenye risasi mbili ambazo baadaye zinabaki moja. Risasi hiyo haikusudiwi adui. Mama wa mtoto alikwisha kujitoa uhai. Mtoto alizaliwa baada ya maafa, kwa hiyo dunia tuijuayo sisi, yenye ndege na mashamba na ng'ombe, kwake ni hadithi tu ya baba yake. Wanaifika bahari na haina nafuu yoyote. Baba anakufa. Mtoto anachukuliwa na familia nyingine. Riwaya hii ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, na mtunzi wake alifariki mwaka 2023.

Usomaji ambao umeenea, na ambao wanafunzi wetu wanaurudia kama kasuku, ni kwamba hii ni riwaya ya upendo wa baba: dunia nzima imekwisha, umebaki upendo huu mmoja, na kwa kuwa umebaki, utu umebaki. Usomaji huu unaliwaza. Unamfanya kila mzazi aliyemaliza kitabu amwangalie mwanawe aliyelala na kufuta machozi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara ya kwanza. Lakini machozi si uhakiki.

Hebu tutazame matendo. Mtoto anamwona mvulana mwingine mdogo katika mji mmoja uliokufa. Anamkimbilia. Baba anamshika na kumwambia hakuna mtu. Mtoto analia, anaomba wamchukue mwenzake, yuko tayari kumgawia nusu ya chakula chake mwenyewe. Baba anakataa, safari inaendelea. Kabla ya hapo walimkuta mtu aliyepigwa na radi, ameungua, anajikokota barabarani; mtoto anaomba wamsaidie, baba anakataa. Baadaye, ufukoni, mwizi anawaibia kigari chao. Baba anamkamata, na badala ya kuchukua kilicho chake na kuondoka, anamlazimisha avue kila kitu, nguo na viatu, katika baridi ile, kisha anamwacha uchi barabarani. Mtoto analia na kusihi. Hatimaye wanarudi, mwizi hayupo, wanaziacha nguo zake njiani. Baba anajitetea kwamba hakuwa na nia ya kumuua. Mtoto anamjibu kwamba wamekwisha kumuua.

Jibu hilo ndilo kiini cha riwaya nzima, na nimesoma tasnifu ambazo hazilitaji.

Mtu atauliza: baba angefanya nini? Chakula ni cha wawili, tena hakitoshi. Ni swali la haki, na sitaki kulikwepa. Pale walipovumbua ghala la nyumba moja na kukuta ndani watu walio hai waliofungiwa ili waliwe, kukimbia kulikuwa ndiyo njia pekee, wala mtoto hamlaumu baba yake kwa kukimbia kama anavyomlaumu kwa mwizi. Riwaya inapambanua baina ya hali mbili: ile ambayo mtu hawezi, na ile ambayo mtu anaweza lakini hofu imekwisha kumwondolea uwezo wa kutambua kwamba anaweza. Mzee kipofu nusu anayejiita Ely anapokutana nao, mtoto anashinikiza, baba analegea, mzee anapewa chakula na kulala kando ya moto wao. Hakuna balaa lililofuata. Mzee hata hakushukuru. Kesho yake kila mtu akashika njia yake. Kwa nini mtunzi alikiweka kisa hiki kisichozaa chochote katika msuko, kama si kuonyesha kwamba jambo hili liliwezekana?

Simlaumu baba. Mtu aliyekaa ofisini akiwa ameshiba hana haki ya kumlaumu mtu wa namna ile. Ninaowalaumu ni wahakiki walioshiba kama mimi, wanaoichukua hofu ya mtu mwenye njaa na kuifanya falsafa ya malezi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kiyama, ambalo mtahini wetu alilitamka bila kulipima. Katika matumizi ya waandishi wengi siku hizi neno hili limekuwa kisawe cha maangamizi yoyote makubwa: vita, gharika, ukame. Lakini neno hili lina historia katika lugha hii na lina mzigo wake. Asili yake ni kusimama: siku ya viumbe kusimamishwa. Na katika mafunzo ya Kiislamu yaliyolilea neno hili pwani kwa karne nyingi, alama mojawapo ya siku hiyo haihusu moto wala majivu. Inahusu uzazi. Sura ya Al-Hajj yasimulia kwamba mwenye kunyonyesha atamsahau mwanawe. Sura ya Abasa yasema kwamba mtu atamkimbia ndugu yake, mama yake, baba yake, mkewe na wanawe, kila mmoja akiwa na lake linalomshughulisha. Mtoto yeyote aliyepitia chuoni Lamu au Mombasa alisikia haya kabla hajajua kusoma gazeti. Kwa mujibu wa dhana hii, kiyama ni pale kamba ya mzazi na mwana inapokatika.

Tukiisoma The Road kwa mizani hii, mambo mawili yanadhihirika mara moja. La kwanza, kwa wawili hawa kiyama hakijafika. Wanatembea ndani ya uharibifu, ndio, lakini kamba haijakatika. Palipofika kiyama ni kwenye kambi ile ambayo baba na mwana wanaifikia baada ya wenyewe kuikimbia, wakakuta mtoto mchanga amebanikwa. Kabla ya hapo walikuwa wamewaona wanaume watatu na mwanamke mjamzito wakipita barabarani. Mtunzi hafafanui zaidi, wala hahitaji. Mwenye kunyonyesha amesahau. Ukurasa ule ni mgumu kuusoma kwa mtu yeyote, lakini kwa msomaji aliyekulia katika dhana niliyoitaja unakuwa na maana ambayo mhakiki wa New York hawezi kuiona kwa urahisi, na ni aibu kwetu kwamba tunasubiri yeye atuambie umaanisha nini.

La pili ni gumu zaidi. Ikiwa kiyama ni kukatika kwa kamba ya uzazi, je, kamba hiyo ni ya nani? Baba anaamini kwamba maadamu anamshika wake, amesalimika. Mtoto anaona vingine. Yule mvulana mdogo wa mjini alikuwa mwana wa mtu. Mwizi naye alizaliwa. Kwa mtoto, kila anayeachwa barabarani ni kamba nyingine iliyokatwa, na mkataji ni baba yake. Kwa hiyo baba, katika juhudi zake za kukizuia kiyama kisimfikie mwanawe, anakieneza kwa wana wa wengine. Hii ndiyo tanzia ya riwaya hii.

Tena kuna hoja ambayo wahakiki wa fasihi walipaswa kuwa wa kwanza kuishika, kwa sababu inahusu kazi yao. Baba humsimulia mtoto hadithi za mashujaa. Inafika siku mtoto anakataa kusikiliza. Sababu anayoitoa ni kwamba hadithi hizo si za kweli: ndani yake wao huwasaidia watu, ilhali katika maisha hawamsaidii mtu. Nawaomba wanafunzi wangu wasome ukurasa huo mara tatu. Mtoto aliyezaliwa katika majivu, asiyewahi kuingia darasani, amefanya kazi ya mhakiki kwa sentensi chache. Ameliweka simulizi kando ya tendo, akaona ufa. Hakusema hadithi ni mbaya. Alisema msimulizi haishi anayoyasimulia.

Hapo pana fumbo ambalo methali zetu haziwezi kulifumbua kwa urahisi. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu amelelewa katika shaka, amefundishwa kuwahofu watu wote, amefundishwa hata namna ya kuielekeza bastola kinywani mwake mwenyewe iwapo atakamatwa. Amekua kinyume. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama wa huyu amekufa na ulimwengu umekufa pia. Nani basi aliyemfunza huruma? Jibu langu, na nalitoa nikijua litapingwa, ni hadithi zilezile. Baba alimlisha maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini tena, na maneno yakafanya kazi yao bila idhini yake. Alizungumza juu ya watu wema, juu ya kuubeba moto, akidhani anamfariji tu. Mtoto aliyachukua kama sheria. Kwa mtu anayeuliza, katika zama hizi za kufungwa kwa idara za lugha na kupunguzwa kwa kozi za fasihi, kwamba fasihi ina faida gani, sijui ushahidi mzito zaidi ya huu.

Na tukiwa kwenye moto: wahakiki wameandika mengi kuhusu ishara hiyo, Prometheus akitajwa sana. Sawa. Lakini mtu aliyelelewa na nyanya yake kijijini anajua jambo jingine kuhusu moto. Moto ukizimika jikoni mtoto hutumwa kwa jirani na kigae, kupalia. Hurudi mbiombio, akiupuliza njiani. Moto wa nyumba moja ulikuwa akiba ya nyumba zote, na aliyekataa kuutoa alijulikana mtaa mzima kuwa ni mtu wa aina gani. Baba wa The Road anauchunga moto ambao hampi mtu na hauombi kwa mtu. Moto wa namna hiyo una maisha ya mtu mmoja tu, na yeye anakohoa damu.

Isije ikadhaniwa kwamba nawapambanisha Wamarekani na Waafrika, wao wabinafsi na sisi wajamaa. Huo ni uvivu mwingine, na umetugharimu sana katika uhakiki wa miaka ya nyuma. Marekani hiyohiyo imemtoa Octavia Butler, mwandishi mweusi aliyefariki mwaka 2006, mwaka uleule ilipochapishwa The Road. Riwaya yake Parable of the Sower (1993) inaanza California mwaka 2024, ambao sisi tumekwisha kuupita. Lauren, binti wa mhubiri, anaishi ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta; baba yake anapotea; ukuta unabomolewa na mtaa unachomwa. Naye anashika barabara, kuelekea kaskazini. Lakini Lauren anaokota watu. Anawahofu, anawachunguza, analala na bunduki, na bado anawaokota, watoto wakiwemo, hadi wanakuwa jamii. Tofauti na McCarthy, Butler anataja pia chanzo cha uharibifu: hali ya hewa iliyovurugika, umaskini, kampuni zinazogeuza miji kuwa mali yao, serikali iliyokwisha makali.

Wala Butler hatupi suluhisho jepesi. Katika Parable of the Talents (1998) Lauren anaporwa binti yake mchanga. Binti anakua mbali naye, na wanapokutana baada ya miaka mingi hamsamehe mama yake, kwa kuwa anaona mama alilipa jambo lake kubwa moyo wote na kumwachia mwanawe makombo. Basi baba aliyemkumbatia wake peke yake anahukumiwa na mwanawe, na mama aliyewakumbatia wengi anahukumiwa na binti yake. Huu ndio mjadala. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya mzazi na mwana katika dunia iliyoharibika anaingia katika mjadala huu, si katika shindano la nani ana majivu mengi zaidi.

Je, Kiswahili kina la kusema hapa? Mtahini wetu alisema hakina. Nadhani alikuwa akitafuta riwaya yenye vinyago vya kuzuia gesi na magari yaliyoungua. Angepekua rafu iliyo nyuma ya mgongo wake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni nini, kama si utungo wa mtu aliyesimama katikati ya mji uliokwisha? Majumba ya Pate yamebaki magofu, viota vya ndege vimekaa palipokaa vyombo vya kauri, waliokuwa wakitandikiwa mito hawapo. Lakini tuwe wakweli: mtunzi wa Al-Inkishafi anazungumza na moyo wake. Hana mtoto kando yake. Uharibifu unamrudisha kwenye nafsi yake na kwa Mola wake, basi. Kwa suala letu, haitoshi.

Kinachotosha kimo kisiwani humohumo, katika mji wa Siyu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858. Tumezoea kuufundisha kama utendi wa adabu za mke kwa mume, na tangu wahakiki wa kifeministi walipouchambua, tumezoea kuulaani kwa hilohilo. Pande zote mbili zimesahau kuuliza utendi huu ulitungwa katika hali gani. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, alikuwa amekufa mwaka 1856. Siyu ilikuwa mojawapo ya miji ya mwisho ya pwani ile kukataa kuinama mbele ya Unguja, na mwaka 1863 ilisalimu amri kwa Sultani Majid. Baina ya kifo cha mtawala na kuanguka kwa mji, mwanamke mgonjwa anamwita binti yake asogee, achukue wino na karatasi, aandike. Hana jeshi wala mume. Ulimwengu aliouzoea unaporomoka. Anachoweza kumwachia mwanawe ni maneno.

Naomba tusome tena hali hiyo: mzazi anayekufa, mwana atakayebaki, dunia inayokwisha, na maneno kama urithi pekee. Kwa nini mwanafunzi yule hakuruhusiwa kuiweka kando ya The Road?

Tukiziweka pamoja, tofauti yao ndiyo inayofunza. Utendi wa Mwana Kupona unaanza na binti mmoja lakini hauishii kwake. Mhitaji akija, asidharauliwe, afanyiwe linalowezekana, tena haraka. Mama anawaombea dua wanawe, kisha nduguze na jamaa, kisha Waislamu wote. Na mwishoni utungo unawageukia wanawake wote na kuwataka wausome. Wasia wa mtu mmoja umekuwa mali ya umma, kama ule moto wa kigaeni. Mama huyu alijua kwamba binti hawezi kuokolewa peke yake. Hata ile nasaha ya kumridhisha mume, ambayo inatuudhi leo na kwa haki, ni sehemu ya hesabu ya mama anayejua kwamba mwanawe atabaki miongoni mwa watu na hana budi kuwa na pa kushika.

Sitamtakasa Mwana Kupona lakini. Humo humo katika wasia wake anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Dua yake pana ina ua, na nje ya ua ule kuna watu ambao nao walikuwa wazazi na wana, waliotenganishwa kwa nguvu ili ua ule upate kujengwa. Kwa hao, kamba ilikwisha kukatwa zamani. Kiyama chao kilikuwa kimepita, na hakuna aliyewapa wino na karatasi. Kama kuna tasnifu ambayo haijaandikwa katika fani yetu, ndiyo hiyo, na ikiandikwa itaipasua hata hoja yangu mwenyewe. Nitaikaribisha.

Kuhusu riwaya za kisasa nitapita haraka, kwa kuwa hizi angalau zinatajwa katika mihadhara. Euphrase Kezilahabi alitupa Nagona (1990) na Mzingile (1991), na katika hiyo ya pili kuna dunia iliyoangamia na kuna safari ya kumpelekea mzee habari za kifo cha mwanawe. Hapa uhusiano umepinduliwa: mwana ametangulia, mzazi ndiye aliyebaki, na swali ni kama kifo kile kinamgusa. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) anamfufua babu ili amkabili mjukuu mwenye cheo na kumwonyesha nchi iliyooza. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) anamtembeza msafiri wake katika dunia iliyochafuliwa na wenye nguvu. Hizi si nakala za McCarthy; zote zilimtangulia. Na zote zina jambo ambalo The Road imelinyamazia, yaani aliyeharibu. Ukimya wa McCarthy kuhusu chanzo umesifiwa kuwa ndio unaoifanya riwaya yake iwe ya watu wote. Mimi naona ni anasa. Kuna watu wanaoweza kumudu kutouliza nani aliwasha moto. Msomaji wa Turkana anayeona mifugo yake ikifa, au aliyekimbia nyumba yake mwaka 2008 akiwa amembeba mtoto mgongoni, hataridhika na saa iliyosimama tu.

Ningeweza kuishia hapo, ila haki ya mwandishi inadai nirudi kwenye kurasa zake za mwisho, kwa kuwa nimesema hukumu iko kinywani mwa mtoto na sijaonyesha jinsi baba anavyoipokea. Baba anakufa kandokando ya barabara. Kwa muda wote aliapa kwamba hatamwacha mwanawe hai nyuma yake, na ile risasi ilikuwa kwa ajili hiyo. Sasa hawezi. Mtoto, akiwa ameketi kando yake, anamuuliza habari za yule mvulana mdogo waliyemwacha mjini. Hajamsahau. Anataka kujua kama alipotea. Na baba, ambaye siku ile alikana kwamba kulikuwa na mvulana, anakubali kwamba alikuwepo, na anamhakikishia mwanawe kwamba wema utamfikia mvulana yule kama ulivyofika siku zote. Huo ndio wasia wake. Umechelewa, mfupi, na unamhusu mtoto wa mtu mwingine. Wahakiki wanaosherehekea bastola ya baba wanapaswa kueleza kwa nini pumzi zake za mwisho alizitumia hivyo.

Baada ya siku tatu mtoto anatoka barabarani na kumwona mtu anakuja. Kwa mafunzo yote aliyopewa, huyu ni wa kukimbiwa. Hakimbii. Anamuuliza maswali: kama ana watoto, kama wao hula watu. Mgeni anajibu kwamba ana mvulana na msichana. Kisha mtoto anatoa sharti: baba yake asiachwe wazi, watu wasije wakamwona. Mgeni anaahidi kumfunika kwa blanketi. Mtoto anaporudi kuaga, anakuta amefunikwa kama ilivyoahidiwa.

Mwanafunzi yule hatimaye aliandika juu ya mada nyingine na akafuzu. Pendekezo lake la kwanza ninalo kwenye kabati langu. Kama angali analitaka, mlango wangu ni wa tatu kushoto, na safari hii sitanyamaza.